Yale maji kidogo yanayobaki chini ya sinki la choo

Jamani leo nataka tuongelee choo. Choo cha ndani, hiki cha kuflashi, maana sa hivi hapa Mbeya kila anayejenga, awe Uyole, awe Isyesye, awe kule Iwambi, ramani yake lazima iwe na chumba cha masta chenye choo humo humo na kingine cha familia pale koridoni, halafu ukimuuliza hicho choo kinafanyaje kazi anakujibu unabonyeza maji yanashuka, basi, habari imeishia hapo. Hela ametoa, marumaru amepandisha mpaka juu, sinki amechagua la rangi ya kuendana na ukuta, lakini kile kitu chenyewe kinachofanya choo kiweze kukaa ndani ya nyumba na watu wakalala vizuri hajawahi kukiangalia hata siku moja. Na wala hakijajificha. Funua mfuniko uchungulie, ni yale maji kidogo yaliyotulia pale chini.

Wengi wanayachukulia kama mabaki tu ya kuflashi. Mi nasema hayo ndiyo choo chenyewe. Vingine vyote, tanki, batani, boya, mabomba, vipo kwa ajili ya kuyasukuma maji hayo yaende na mzigo wake na kurudisha mengine mahali pale pale.

Iko hivi. Bomba linalotoka chini ya sinki haliendi moja kwa moja shimoni. Linashuka kidogo, linapanda, linavuka kakilima, halafu ndo linashuka jumla kwenda nje. Mafundi wanaita trapu. Sasa kwa sababu kale kakilima kako juu kuliko pale mkunjo ulipoanzia, maji hayawezi kuisha yote, lazima yabaki yamejaa kwenye mkunjo. Kina kinachotakiwa ni kama milimita 50, vidole vitatu ukivilaza pamoja. Upande huu wa maji ni nyumbani kwako, watoto wanapiga mswaki hapo na taulo zimetundikwa mlangoni. Upande wa pili ni hewa ya shimo, ina haidrojeni salfaidi ile ya harufu ya yai viza, ina methani ambayo inawaka moto, na kuna mende na inzi wanaotafuta pa kupitia. Katikati hamna mlango wala kizibo wala mpira. Ni hayo maji tu, vidole vitatu.

Ndiyo maana wazee wetu choo walikiweka mbali na nyumba. Haikuwa ushamba kama vijana wengine wanavyoongea, ilikuwa akili. Choo cha shimo hakina cha kuzuia hewa kwahiyo kinga yake ni umbali, unakichimba nyuma ya migomba huko na upepo unakusaidia. Hata ile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipohimizwa kijiji kwa kijiji wachimbe vyoo, vilivyochimbwa vilikuwa vya nje, na viliokoa watu.

Mjomba wangu alipojenga nyumba ya kisasa kule Tukuyu akaweka choo ndani, babu alikataa kata kata. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mila, kwa Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana wake wanaepukana, hata njiani hawakutani hovyo, sasa unamwambiaje mzee aingie alikotoka mke wa mwanae? Hilo halikuwa na mjadala, mjomba akamwachia choo chake cha nje na heshima ikabaki palepale. Ya pili ndo ilikuwa ya harufu. Siku moja mchana wenzetu wako shamba akaja akasimama mlangoni pa kile choo na fimbo yake, hakuingia, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Mjukuu wangu, na ule uvundo mmeupeleka wapi?"

"Babu, uko kule kule shimoni. Umezuiwa na haya maji hapa."

"Haya haya?"

"Haya haya babu."

Akainama akayaangalia kwa muda, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo sijasikia mteja akimuuliza fundi. "Na yakikauka?"

Yakikauka huna choo tena, una shimo lililofunguka chumbani. Na yanakauka kweli. Iringa kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hamna, upepo mkavu unapuliza kutwa, choo cha wageni ambacho hakijaguswa wiki na wiki maji yake yanapungua taratibu mpaka hewa inapata upenyo pale juu ya mkunjo, mtu anarudi safari anakuta nyumba inanuka anaanza kuhamisha makabati anatafuta panya aliyekufa. Sinki la choo angalau lina maji ya kutosha, kinachowahi kukauka ni kile kitundu cha sakafuni bafuni maana trapu yake ni ndogo. Dawa yake ni ndoo ya maji tu. Kama unafunga nyumba kwa muda mrefu mwagia na mafuta ya kupikia kidogo kwenye kile kitundu cha sakafuni, yanaelea juu yanafunika maji yasipotee haraka hewani.

Hata Wazungu hili la mkunjo hawakulipata mapema. Mwaka 1596 Sir John Harington, ambaye alikuwa mtoto wa ubatizo wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliandika kuhusu choo chake chenye tanki la maji juu na kizibo cha kufungulia chini. Maji yalikuwepo, kuflashi kulikuwepo, mkunjo haukuwepo, na choo chenyewe hakikuenea. Ikapita miaka karibu 180, mpaka 1775, ndipo Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa akitengeneza saa London, akapewa hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya choo ambacho bomba lake la chini limekunjwa kwa umbo la herufi S ili maji yabaki humo. Fundi saa jamani, sio fundi bomba. Miaka mitatu baadaye Joseph Bramah, yeye alikuwa seremala, akapewa hataza ya vizibo bora zaidi, na kuanzia hapo vyoo vya ndani vikaanza kuonekana kwenye nyumba za wenye hela. Watu wakibishana nani aligundua choo mi kura yangu naipeleka kwa Cumming, kumwaga maji kila mtu anaweza, ila kuyafanya yabaki na yalinde nyumba, hiyo ilihitaji mtu akae afikiri.

Haya, tuje kwenye kuflashi kwenyewe. Kinachotakiwa ni maji mengi kwa muda mfupi, ndo maana kuna tanki. Lile bomba la nusu nchi linalopanda ukutani haliwezi kusukuma mzigo, linaleta maji kidogo kidogo, tanki la lita 6 linaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kujaa. Kwahiyo tanki linakusanya polepole halafu linaachia zote kwa sekunde chache. Injini yake ni uzito wa maji yanayoshuka, hamna umeme, hamna pampu, na hata Tanesco wakikata usiku kucha choo chako hakijui.

Masinki yako ya aina mbili na inafaa ujue la kwako ni lipi. Kuna yale ya kusukuma, kuta zake za ndani zimeinama sana, uso wa maji pale chini ni mdogo, maji yakitoka kwenye ukingo yanashuka kwa kasi yanaupiga mzigo unavuka kilima. Mkunjo wake ni mpana na mfupi kwahiyo hayazibi ovyo. Halafu kuna ya kunyonya, uso wa maji ni mpana, mkunjo ni mrefu na mwembamba, ukiflashi maji kwanza yanapanda kwenye sinki mpaka mgeni anaogopa yatamwagika, mara ghafla yanavutwa yote na mwishoni unasikia ule mkoromo. Kinachotokea humo ni kile kile anachofanya bodaboda akihamisha petroli kwa mpira, mpira ukishajaa na ncha ikiwa chini kuliko tanki petroli inakuja yenyewe. Mkunjo ukijaa bila hewa, maji yanayoshuka upande wa pili yanavuta ya nyuma yake na hewa ya chumbani inayasukuma kwa juu. Ule mkoromo ni hewa imeshaingia kwenye mkunjo, mvuto unakatika, maji yaliyoishia njiani yanarudi yanatulia.

Kuna mtu aliwahi kuniambia kwa uhakika kabisa kwamba vyoo vya kunyonya havifai Mbeya kwa sababu tuko juu, hewa ni nyepesi haisukumi. Ni kweli hewa yetu ni nyepesi, mjini hapa tuko kama mita 1,700 toka usawa wa bahari na presha ya hewa iko pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Lakini hewa ya Dar inaweza kubeba maji kwenye bomba mpaka mita kama 10, ya kwetu inabeba kama mita 8 na kidogo, na kale kakilima ka kwenye choo hakafiki hata nusu mita. Kwahiyo hilo tulitoe kabisa, hata Njombe choo kitanyonya vizuri tu. Choo kikikataa kunyonya angalia maji ya tanki kama hayajai, angalia vitundu vya ukingoni kama vimezibwa na ukoko, au kuna kitu kimekwama mkunjoni, na kwenye nyumba yenye watoto hicho kitu mara nyingi kina umbo la gari dogo la plastiki.

Ukielewa hili la kasi utaelewa na habari ya ndoo. Maji yanapokuwa ya mgao tunaflashi kwa ndoo, sasa unamkuta mtu amesimama anamimina taratibu kwa kopo anaona anabana matumizi, anamaliza dumu zima na mzigo uko pale pale unamwangalia. Maji yakiingia polepole yanavuka kilima polepole, kiasi kile kile kinachoingia ndo kinachotoka, hamna msukumo wala mvuto. Chukua nusu ndoo, inua usawa wa kiuno, mwaga kwa mkupuo mmoja pale katikati. Inaenda. Halafu ongeza maji kidogo ya taratibu ili mkunjo ujae tena, hapo ndo wengi wanasahau, wanaacha maji yako chini halafu wanashangaa harufu.

Sasa nenda kafungue mfuniko wa tanki, uweke chini sakafuni taratibu maana ukivunjika kuupata peke yake dukani ni shughuli. Maji ya humo ni masafi, ni yale yale ya bombani, usiogope kuingiza mkono. Utaona vitu viwili vikubwa. Pembeni ni pale maji yanapoingilia pakiwa na boya, ya zamani ni mpira wa duara kwenye mkono mrefu, za sa hivi ni kama kikombe kinachopanda na kushuka kwenye nguzo yake. Katikati ni pale maji yanapotokea, na chini yake kuna mpira unaofunga tundu la kwenda kwenye sinki. Ukibonyeza, mpira unainuka, maji yanaporomoka, boya inashuka nayo, ikishuka inafungua koki, maji mapya yanaingia. Tanki likiisha mpira unarudi kukaa kwenye tundu na uzito wa maji mapya unaukandamiza ufunge zaidi. Boya inapanda na maji mpaka inafunga koki yenyewe. Mi kila nikiangalia hii kitu inafanya kazi nasikia raha, hamna mtu anayeisimamia, maji yenyewe yanajipima yanajifunga.

Karibu na mpira wa katikati kuna bomba limesimama wima, mdomo wake uko wazi. Hilo ni la kuokoa sakafu yako. Koki ikishindwa kufunga, maji badala ya kumwagika chumbani yanaingia kwenye hilo bomba yanateremka kwenye sinki. Ni kinga nzuri sana ila ndo hapo hela inapopotelea, kwa sababu inapotea kimya kimya.

Jirani yangu mmoja hapa Soweto ya Mbeya, mama wa makamo anayeishi na wajukuu, bili ilikuwa inapanda mwezi kwa mwezi na ameshagombana na wapangaji wake wote wawili, akanituma nimwangalizie mita.

"Kaka, mita inazunguka na mabomba yote nimefunga, hebu nisaidie."

"Choo je, mama?"

"Choo hakivuji, sakafu kavu kabisa."

Tukaingia, nikafunua tanki. Ukiangalia juu juu maji yametulia, hamna mlio. Nikamwambia mama weka kidole hapa, kwenye mdomo wa hili bomba lililosimama. Akaweka. Akanyamaza kidogo akasema "yanapita", na kweli yalikuwa yanapita, utando mwembamba sana wa maji unavuka ukingo wa bomba na kuteremka ndani bila sauti, usiku na mchana. Kwenye nguzo ya boya kuna skrubu ya plastiki, nikaizungusha boya ikashuka kidogo, maji yakakaa sentimita mbili tatu chini ya ule mdomo, koki ikafunga. Tukatoka nje kuangalia mita, imesimama.

Hesabu yake inatisha ukiikalia chini. Chukulia choo kinapoteza lita moja kila baada ya dakika tano, ambayo kwa macho huwezi kuiona. Kwa saa ni lita 12, kwa siku lita 288, kwa mwezi zinapita lita 8,600, na yuniti moja ya maji ni lita 1,000, kwahiyo unalipia yuniti zaidi ya nane ambazo hamna aliyeoga wala aliyepika. Na hapo maji yenyewe ni ya mgao, kuna mtu mtaa wa juu anasubiri yamfikie.

Kama bomba la wima halimezi maji basi mwangalie yule mpira wa chini. Nunua rangi ya chakula ile ya kuwekea keki, dondoshea kwenye tanki, usiflashi kwa nusu saa. Ukikuta rangi kwenye sinki mpira umechoka au umekaa upande. Tafadhali zile dawa za vidonge vyenye klorini za kudumbukiza ndani ya tanki achaneni nazo, zinaula mpira na wosha zote, vile vipira vidogo vya kuzuia maji, choo kinanukia vizuri mwezi wa kwanza halafu unaanza kununua vipuri. Dawa mwagia kwenye sinki, sio kwenye tanki.

Mji wetu nao una tabia yake. Umepanda milima, maji yanashuka toka huko juu, na kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya baa moja, hicho ni kipimo cha presha, kwahiyo nyumba ya bondeni inapata presha kali kuliko ya mlimani hata kama bomba ni moja. Usiku watu wakilala hamna anayechota, presha inapanda zaidi, na koki yenye wosha iliyoanza kulika inayofunga vizuri mchana inaanza kupitisha saa nane za usiku. Ukisikia choo kinajijaza usiku wakati hamna aliyeamka, usiite mchungaji, badilisha wosha. Na masika maji yakija na mchanga choo kinaanza kujaa polepole, hapo funga koki ya ukutani, fungua ile ya kuingilia tanki, utakuta kachujio kadogo kameziba, kasuuze urudishie. Jingine ni jasho. Juni na Julai maji ya bombani yanakuwa ya baridi kweli kweli, mtu ameoga maji ya moto chumba kimejaa mvuke, tanki linalowa nje linadondosha matone, watu wanaita fundi kuziba mahali pasipovuja. Futa kwa kitambaa, fungua dirisha.

Kuhusu kubana maji, matanki mengi ya zamani yanatumia lita 9 kwa flashi moja, ya siku hizi lita 6, na yale ya batani mbili, mfumo uliotoka Australia miaka ya 1980, ni lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa kubwa. Kama tanki lako ni la zamani jaza maji chupa ya lita moja na nusu, ifunge, isimamishe ndani ya tanki mahali ambapo haigusi boya. Familia ya watu watano, kila mtu akiflashi mara tano, unaokoa yuniti moja na ushee kwa mwezi. Usiweke tofali, linamong'onyoka na vumbi lake linaenda kukaa chini ya mpira.

Sasa mzigo umeshavuka kilima, unaenda wapi? Hapa naomba tuwe makini kuliko kote. London walijifunza kwa shida, vyoo vya kuflashi viliongezeka haraka, uchafu wote ukaishia mto Thames, na kiangazi cha mwaka 1858 mto ukanuka mpaka wabunge wakataabika kwenye jengo lao lililo ukingoni, ndipo injinia Joseph Bazalgette akapewa hela ya kujenga mitaro mikubwa ya chini ya ardhi. Kwetu nyumba nyingi hazijaungwa kwenye mtandao wa majitaka, kila mtu ana shimo lake, kwahiyo kila mtu ni Bazalgette wa kiwanja chake.

Shimo zuri ni la sehemu mbili. La kwanza ni septiki, limejengwa lisivujishe, uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na katikati kuna maji yanayotoka kupitia bomba la umbo la tii ambalo mdomo wake uko chini ya ule utando wa juu. Humo ndani bakteria wasiohitaji hewa wanakula tope taratibu. Wanapenda joto, kwahiyo baridi ya Njombe na Makete inawapunguza kasi, na ukimwaga jiki galoni nzima unawaua. Maji yanayotoka hapo yanaenda shimo la pili la kunyonya, hilo halina sakafu ya zege, udongo unayanywa. Udongo wetu wa volkano upande wa Rungwe na Mbeya mahali pengi unanyonya vizuri, Iringa ukikutana na mwamba umekwisha, kwahiyo kabla hujakubali mahali pa shimo chimba kidogo, jaza maji, uone yanachukua muda gani kupotea. Kisima kiwe mbali, kipimo kinachofuatwa sana ni mita 30, na kisiwe upande wa mteremko wa shimo. Tukuyu ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000 shimo la kunyonya linaweza kujaa maji ya ardhini tu bila hata nyie kulitumia, hapo ukiflashi maji yanapanda yanasita, sio choo kibovu, ni ardhi imeshiba.

Na hili nalisema kwa uchungu, mtu asiingie kwenye shimo la choo lililofunikwa, hata kidogo, hata kwa kamba, hata kuokota simu. Ile gesi ya yai viza ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, mtu anadhani pako salama, anadondoka, anayemfuata kumuokoa naye anadondoka. Ita gari la kunyonya.

Kitu cha mwisho kinachosahaulika ni bomba la hewa, lile linalopanda ukutani mpaka juu ya paa. Maji yakiporomoka kwenye bomba la nchi nne yanasukuma hewa mbele na kuacha utupu nyuma, ule utupu lazima ujazwe na hewa ya mahali fulani. Kama bomba la hewa lipo inatoka huko juu. Kama halipo, au fundi amelikatia chini ya dirisha ili kuokoa kipande, au ameliziba ili ndege wasiingie, utupu unavuta maji ya kwenye trapu ya bafu na ya sinki la kunawia, unasikia glu glu glu bafuni kila mtu akiflashi. Hiyo ni sauti ya vidole vitatu vya maji vikinyonywa. Nimeona nyumba nzuri sana, geti la umeme, kamera kila kona, na bomba la hewa hamna.

Kwahiyo kabla hujamalizia hela ya fundi, na kabla marumaru hazijafunika kila kitu, fanya naye hivi. Chemba zote, yale mashimo madogo yenye mfuniko ya kukagulia bomba la majitaka, zifunguliwe, kila bomba linapokata kona pawe na chemba, na bomba literemke kama sentimita 2 hivi kwa kila mita. Weka tishu za kutosha chooni, flashi, nenda kasimame chemba ya mwisho uone zinafika zote au zinabaki njiani. Halafu mtu mmoja akae bafuni ameinamia kile kitundu cha sakafuni, mwingine aflashi vyoo vyote kwa pamoja. Maji ya kwenye kitundu yakitikisika kidogo sawa, yakivutwa yakashuka mrudishe fundi kwenye bomba la hewa. Mwisho dondoshea rangi kwenye matanki, kaeni mnywe chai, mrudi baada ya nusu saa muangalie masinki. Yakiwa meupe mlipe hela yake iliyobaki.